Softiboli: Kasi ya mpira yatukuzwa huku bega la mrushaji likitaabika

MICHEZO ya Olimpiki itakapoandaliwa Los Angeles mwaka 2028, softiboli ya wanawake itarejea baada ya kuachwa nje ya makala ya Paris mwaka 2024. Mechi zenyewe zitachezewa mbali na jiji hilo, katika uwanja wa Devon Park mjini Oklahoma City, ambako mabingwa wa vyuo vikuu vya Marekani huamuliwa kila mwaka. Ni timu sita pekee zitakazoshiriki.

Urejeo huo umewadia wakati ambapo mchezo huu, uliodharauliwa kwa miaka mingi kama mdogo wake besiboli, umeanza kunusa pesa. Mnamo Julai 2024, mwanadada NiJaree Canady alihama kutoka Chuo Kikuu cha Stanford hadi Texas Tech kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja wa matumizi ya jina na picha zake. Mwaka uliofuata, ligi mpya ya kulipwa, Athletes Unlimited Softball League, ilianza kuchezwa huku ikipata mtaji kutoka kwa Major League Baseball, wasimamizi wa besiboli ya kulipwa.

Si ajabu kwamba kitita hicho kilimwendea mrushaji. Katika softiboli, yeye ndiye huanzisha kila tukio. Mpira hauendi popote kabla hajauachilia, na akiwa katika hali nzuri wenzake wanane uwanjani wanaweza kumaliza jioni nzima bila kazi ya maana. Kwa sababu hiyo, wazazi wa wasichana wa miaka 10 na 12 nchini Marekani hulipia makocha wa faragha, na kifaa cha kupimia kasi kimekuwa hakikosekani kwenye mkoba wa kocha. Nambari inayojitokeza kwenye kifaa hicho ndiyo huzungumziwa njiani kurudi nyumbani.

Hata hivyo, nambari hiyo ni sehemu tu ya mambo. Wanaoufahamu mchezo huu hukubaliana kwamba mrushaji hujengwa kwa mambo matatu, nayo ni kasi, msokoto wa mpira na udhibiti. Mambo hayo hayakui kwa mwendo mmoja, wala hayafundishwi kwa njia moja. Isitoshe, kila moja lina gharama yake mwilini, na gharama hiyo imefichwa kwa muda mrefu na dhana moja potovu: kwamba kurusha mpira kutoka chini hakumuumizi mtu.

Humu nchini, wengi hukumbuka urushaji wa chini kutoka kwa raundaz ya shule za msingi, ambapo mpira hutupwa kwa upole ili mpigaji aupate. Softiboli ya kasi ni kitu kingine kabisa. Mrushaji husimama umbali wa futi 43, yaani takriban mita 13, kutoka kwa mpigaji. Huuzungusha mkono wake duara zima kama pangaboi, kutoka mbele, kupita juu ya kichwa, kushuka nyuma, kisha kuuachilia mpira kando ya nyonga. Kwa kuwa huruka mbele anaporusha, mpira humtoka mkononi ukiwa umbali wa takriban mita 11 hivi kutoka kwa mpigaji.

Mpira unaokwenda kilomita 105 kwa saa huumaliza umbali huo kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Hesabu ya kawaida inaupa takriban sekunde 0.38. Katika muda huo mpigaji anapaswa kuuona, kukisia utakakopita, kuamua, na kuzungusha gongo lake. Mmarekani Monica Abbott aliwahi kurusha mpira wa maili 77 kwa saa, sawa na kilomita 124, mnamo Juni 2012, na rekodi hiyo ikaingizwa katika kitabu cha Guinness. Mbele ya mpira wa aina hiyo, mpigaji hukisia zaidi ya anavyoona.

Je, kasi hiyo hutoka wapi? Mtazamaji husema mkononi, na hapo hukosea. Hutoka ardhini. Mrushaji husukuma kwa mguu wa nyuma kwa nguvu zote, mwili ukaruka mbele kwa hatua inayokaribia urefu wake mwenyewe. Kisha mguu wa mbele hutua na kukaza. Kinachofuata kinafahamika kwa yeyote aliyewahi kuwa ndani ya matatu iliyofunga breki ghafla: gari husimama, abiria wakaendelea mbele. Nyonga hukwama, kiwiliwili kikapokea mwendo, bega likapokea kutoka kwa kiwiliwili, na mkono ukaupokea wa mwisho ukiwa tayari umeongezewa kasi. Mrusha mkuki Julius Yego, bingwa wa dunia wa 2015, hutegemea utaratibu uo huo ingawa mkuki hurushwa kutoka juu. Mguu wake wa mbele usipokaza, mkuki hauendi mbali.

Ni kwa sababu hiyo ambapo misuli ya makalio na mapaja, pamoja na ile ya tumbo na mgongo, imepewa uzito mkubwa na watafiti wa michezo katika miaka ya hivi karibuni. Mrushaji mwenye nyonga dhaifu hujaribu kufidia kwa bega. Anaweza kufaulu kwa msimu mmoja au miwili akiwa na miaka 14, na mzazi wake akafurahia nambari, ilhali deni limeshaanza kuandikwa.

Kuhusu mkono wenyewe, makocha wamegawanyika kwa miaka mingi. Kizazi kizima cha wasichana kilifundishwa kuumaliza mrusho kwa kuinua kiwiko mbele, kikielekea kwa mdakaji, na kukung'uta kifundo cha mkono kwa makusudi. Walifanyishwa mazoezi ya kukung'uta kifundo hicho mara mia kabla ya kuruhusiwa kuzungusha mkono. Kisha zikaja kamera za mwendo wa polepole, na zikaonyesha kwamba warushaji bora duniani hawafanyi hivyo wanapocheza, hata wale wanaosema ndivyo wanavyofanya.

Wanachofanya ni hiki. Mkono unaposhuka, sehemu ya juu yake hugusa ubavu na kupunguza mwendo. Kigasha, ambacho bado kina kasi yote, hupita kama ncha ya mjeledi na kugeuka kwa ndani mpira unapotoka, mfano wa mtu anayefunga kitasa cha mlango kwa haraka. Kifundo kinabaki kimelegea na hufuata tu. Mchango wa kukikung'uta kwa makusudi ni mdogo mno kuliko ilivyodhaniwa. Kinaya ni kwamba mbinu ile ya zamani bado inafundishwa katika viwanja vingi, kwa sababu aliyefundishwa hivyo jana ndiye kocha wa leo. Msichana mwenye kipaji huiacha mwenyewe bila kujua, mwili ukitafuta njia yake. Asiye na kipaji hicho huitii, kisha huambiwa hana nguvu.

Katika msokoto, ujuzi huchukua nafasi ya misuli. Mpira wa softiboli una mzingo wa inchi 12, takriban sentimita 30, na mishono iliyoinuka. Ukisokota, mishono hiyo huivuta hewa upande mmoja na kuisukuma upande mwingine, na mpira hupinda kuelekea upande ambako sehemu yake ya mbele inageukia. Ukisokotwa kwenda mbele, huzama kwa ghafla miguuni mwa mpigaji. Ukisokotwa kurudi nyuma, huwa ule mpira mashuhuri wa kupaa. Ukisokotwa kwa ubavu, hukunja kona.

Mpira wa kupaa unahitaji maelezo kidogo, maana umezua mabishano mengi. Wapigaji huapa kwamba huwa wanauona ukipanda ghafla ukikaribia. Fizikia haikubaliani nao. Mpira hutoka chini, karibu na goti au nyonga, ukielekezwa juu tangu mwanzo, na msokoto wa kurudi nyuma hupunguza jinsi unavyovutwa na ardhi. Macho ya mpigaji, yaliyozoea mipira inayoanguka, humkisia chini zaidi. Gongo hupita chini yake. Alichokiona kikipanda ni kosa la makadirio yake mwenyewe, ingawa kwenye ubao wa matokeo tofauti hiyo haina maana yoyote.

Tatizo la wanafunzi wengi ni kwamba wao husokota mpira kama risasi, mhimili wake ukielekea kwa mpigaji. Mpira wa namna hiyo unaweza kuzunguka haraka ajabu na usipinde hata kidogo. Kwa hivyo wingi wa mizunguko pekee hausaidii. Mwelekeo wa mhimili ndio huamua. Ili kuugeuza mhimili huo, vidole lazima viguse mshono fulani mahali fulani katika sekunde ya mwisho, na kigasha kigeuke kwa kiasi kile kile kila mara. Hilo huchukua miaka. Makocha waangalifu humzuilia msichana mipira ya kupinda hadi mwendo wake wa kimsingi utulie, na kwanza humfunza mpira wa pole wa kulaghai, unaorushwa kwa mkono wenye kasi ile ile ilhali wenyewe unajikokota. Mpira huo haudai nguvu, na humwaibisha mpigaji kuliko ule wa kasi.

Mfano bora wa thamani ya msokoto ni Cat Osterman. Mmarekani huyu wa mkono wa kushoto hakuwa miongoni mwa wenye kasi ya kutisha. Mipira yake ya kuzama na ya kukunja kona ilimpa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004 jijini Athens na fedha mwaka 2008, na alipokuwa na miaka 38 alirudi kuishindia Marekani fedha nyingine katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Wengi waliokuwa na kasi kumzidi walikuwa wamestaafu zamani.

Udhibiti ndio mgumu kuliko yote, na ndio usiopimwa na kifaa chochote cha mkobani. Ukirusha mpira kutoka mita 11 na ukakosea pembe kwa nyuzi moja tu, utafika ukiwa umepotoka kwa takriban sentimita 20. Hiyo ni tofauti kati ya mpira wa magotini, ambao ni vigumu kuupiga vyema, na mpira wa mapajani ambao hupigwa nje ya ua. Kwa kuwa mkono huzunguka kwa kasi kubwa, kosa la nyuzi moja huzaliwa na kuchelewa kuachilia mpira kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Hakuna binadamu anayeweza kuusahihisha mrusho katika muda huo. Ndiyo maana udhibiti haufundishwi kwa kuambiwa "lenga". Anayelenga huubana mkono, mwendo ukapungua na mzunguko ukapinda, na mpira ukaenda kombo zaidi. Unachofundishwa mwili ni kurudia: hatua ile ile, mguu kutua pale pale, mkono kupita ubavuni pale pale, maelfu kwa maelfu ya mara.

Canady mwenyewe alionja uchungu wa jambo hilo Juni 4, 2025, katika mechi ya kwanza ya fainali ya vyuo vikuu huko Oklahoma City. Texas Tech ilikuwa mbele 1-0 dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas katika zamu ya sita. Wapinzani walikuwa na wakimbiaji wawili kwenye vituo, na benchi ikaamua Reese Atwood asipewe mpira wa kupiga; arushiwe mipira minne nje ya eneo na aende kituo cha kwanza bure. Mrushaji ambaye kasi yake hupita kilomita 110 kwa saa alikuwa akitupa mipira ya pole kama ya raundaz. Mmoja wa mipira hiyo haukwenda mbali vya kutosha. Atwood alinyoosha gongo, akaupiga hadi upande wa kushoto, wakimbiaji wote wawili wakaingia. Texas ikashinda 2-1.

Kilichofuata kilizungumziwa kidogo kuliko kosa hilo, ingawa kina uzito zaidi. Canady alikuwa amerusha kila mpira wa timu yake katika mashindano hayo ya Oklahoma City. Alirudi usiku uliofuata na kuishindia Texas Tech mechi ya pili kwa 4-3. Usiku wa tatu mfululizo, Juni 6, alifungwa alama tano katika zamu ya kwanza na akaondolewa. Texas ikatwaa taji kwa 10-4. Ni vigumu kutenga uchovu na ukweli kwamba wapigaji wa Texas walikuwa wameshamzoea. Bila shaka yote mawili yalichangia. Lakini hakuna timu ya besiboli ya ngazi hiyo ambayo ingethubutu kumpanga mrushaji yule yule siku tatu mfululizo tangu mwanzo wa mechi.

Tofauti hiyo inatokana na ile dhana potovu iliyotajwa hapo awali. Katika besiboli, madhara ya urushaji wa juu kwa kiwiko na bega yanafahamika sana, hata shirika la Little League likaweka kikomo cha idadi ya mirusho kwa watoto mwaka 2007. Softiboli ilisazwa kwa hoja kwamba mwendo wa kutoka chini ni wa kimaumbile. Softiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani haina kikomo kama hicho.

Sayansi imeipinga hoja hiyo kwa muda mrefu. Watafiti waliowapima warushaji 24 katika michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walibaini kwamba nguvu inayolivuta bega kutoka kwenye tundu lake katika kila mrusho ilikuwa, kwa wastani, takriban asilimia 80 ya uzito wa mwili. Kwa mwanamke wa kilo 70, ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 56 mkononi kwa ghafla, kisha kurudia mara mia kabla ya chakula cha usiku. Utafiti mwingine uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba msuli wa mbele wa mkono wa juu hufanya kazi takriban maradufu katika mrusho wa pangaboi ikilinganishwa na mtu yule yule anaporusha kutoka juu. Msuli huo ndio huuzuia mkono usichomoke, na kano yake hupita mbele ya bega. Ndipo warushaji wengi husema wanaumwa mahali hapo.

Wajapani wana kumbukumbu ya jambo hili wanayoitaja kwa nambari tu: 413. Hiyo ndiyo idadi ya mipira aliyorusha Yukiko Ueno kwa siku mbili jijini Beijing mwaka 2008. Mnamo Agosti 20 alirusha 318 katika mechi mbili, ya kwanza wakishindwa na Marekani katika zamu ya tisa na ya pili wakiilaza Australia katika zamu ya 12. Kesho yake akarusha 95 zaidi na Japani ikaibwaga Marekani 3-1 katika fainali. Marekani ilikuwa haijawahi kuikosa dhahabu tangu mchezo huo uingizwe Olimpiki mwaka 1996. Ueno akawa shujaa wa taifa, na ni haki yake. Lakini ushujaa huo pia ulitoa kibali kwa kila kocha wa shule aliye na mrushaji mmoja mzuri na mechi mbili Jumamosi.

La kutia moyo ni kwamba Japani yenyewe haikurudia. Katika fainali ya 2021 mjini Yokohama, Ueno alikuwa na miaka 39. Alianza, akapisha kijana Miu Goto wa miaka 20 katika zamu ya sita, kisha akarejeshwa katika zamu ya saba kuumaliza mchezo, maadamu sheria za softiboli zinamruhusu aliyeanza mechi kurudi. Japani ilishinda 2-0. Goto alirusha kwa mtindo usiofanana na wa mwenzake, na Wamarekani waliokuwa wamejifunza kumsoma mmoja walilazimika kuanza upya kwa mwingine.

Wachanganuzi wa mchezo huu watauangalia mpango huo kwa makini kuelekea 2028, kwa sababu wapigaji nao wamenoa. Video za kila mrusho zipo, kompyuta zinaeleza mrushaji hupenda mpira upi katika hali ipi, na mkono mmoja, hata uwe wa kasi kiasi gani, husomeka upesi. Aidha, sheria za vyuo vikuu zimelegezwa tangu msimu wa 2024 ili kumruhusu mrushaji kuinua miguu yote miwili anaporuka mbele, jambo ambalo zamani liliadhibiwa. Huenda kasi ikaongezeka zaidi, na pamoja nayo mvuto begani.

Kwa sasa uamuzi umeachiwa kocha, ambaye hupimwa kwa ushindi, na mrushaji, ambaye tangu utotoni amefunzwa kutoomba kuondolewa. Ngazi ya chini hali ni mbaya zaidi, kwani msichana wa miaka 13 anaweza kurushia shule yake katikati ya wiki na klabu yake wikendi, huku kocha wa huku akiwa hajui idadi ya mipira iliyorushwa kule.